Chora Kabla ya Kuunda: Vidokezo kwa Anayetengeneza Programu ya Kikoba Endabash

Vijana wanaosomea kompyuta wakirudi likizo Karatu, wazo la programu ya simu ya kikoba haliwi mbali nao. Ni wazo la kuheshimiwa. Kwa mkulima wa mahindi na mbaazi katika kata ya Endabash, kikundi cha kuweka na kukopa ndicho benki iliyo karibu kuliko zote, na hesabu zake bado zinakaa kwenye daftari. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua ya katikati: kuwaonyesha wanakikundi skrini zitakavyokuwa kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Skrini ya kuchorwa hufutwa kwa dakika moja. Programu iliyokwisha kuandikwa, mwenyewe huanza kuitetea.

1. Swali litangulie, kifaa kifuate

Usianze kwa kuuliza ni zana gani iliyo bora. Anza na jambo ambalo hujalijua. Je, katibu ataelewa mpangilio wa hatua? Hapo karatasi inatosha. Je, maneno yataenea kwenye menyu ya simu ndogo? Yajaribu kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Je, kidole cha mama aliyetoka shambani kitagusa kitufe bila kukosea? Hilo linataka picha ndani ya simu janja yenyewe. Je, mwenzako aliyeko Arusha au Dodoma ataweza kuijenga bila kukupigia kila saa? Sasa ndipo unapohitaji zana kubwa za usanifu. Anayeanza na zana kubwa hujikuta anachagua rangi wakati bado hajajua nani atashika simu.

2. Waombe watu watoe simu zao

Kwenye kikao, angalia kilichomo mikononi. Ukikuta vitochi ni vingi kuliko simu janja, basi skrini yako ni ile menyu ya nyota na reli ambayo watu wameizoea kupitia *150*00# ya M-Pesa au *152*00# ya huduma za Serikali. Menyu hiyo ina mpaka mgumu: herufi 182 kwa ukurasa mmoja, nafasi zikiwemo. Kwa hiyo chora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, herufi moja kwa kila mraba, na utaona mapema mahali sentensi inapokatika.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi, kwa sababu haihitaji kompyuta wala ruhusa ya kampuni ya simu. Wewe kaa chumba kingine ujifanye mtambo. Mwanakikundi anakutumia ujumbe wenye tarakimu 1, unamrudishia menyu. Anatuma 2, unamrudishia inayofuata. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, hivyo kilichoenea humo kitaenea pia kwenye menyu ya kweli. Shika saa mkononi. Menyu za nyota na reli hujifunga mtumiaji akichelewa kujibu, na mzee anayetafuta miwani yake atachelewa. Ukiona anahitaji muda mrefu kwenye ukurasa mmoja, ukurasa huo una maneno mengi mno.

3. Karatasi ifanye kazi yote inayoweza

Kata manila kwa ukubwa wa simu. Chora skrini moja kwa kila kipande, kwa makapeni. Mtu mmoja awe mtambo: mshiriki akigusa kitufe, yeye anaondoa kipande hiki na kuweka kinachofuata, kimya kabisa, bila kufafanua. Ukimya huo ni mgumu kwa aliyechora, ila ukisema "hapo bonyeza kulia" umeshaharibu jaribio.

Vitufe viwe na upana wa angalau milimita 9, pima kwa rula. Ndicho kipimo ambacho waundaji wa Android wanashauri kwa kitu cha kuguswa kwa kidole, na vidole vilivyoshika jembe tangu alfajiri vinafurahi kupata zaidi ya hapo.

Usidhani karatasi ni ya walalahoi. Jeff Hawkins, mbunifu wa Palm Pilot, kompyuta ya kiganjani iliyoingia sokoni mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao chenye ukubwa wa kifaa hicho mfukoni, akijifanya anakitumia mikutanoni, ili ajue kitamsaidia lini na kwa jambo gani. Ubao ule haukuwa na waya wala betri, na ulimjibu swali lake.

4. Sanduku ndilo skrini ya kwanza, lisome vizuri

Hapa tukae kidogo, maana ndipo programu nyingi za vikundi zinapopotea.

Mfumo wa vikundi vya hisa ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na ambao umeenea Afrika Mashariki, una vitu vichache vilivyofikiriwa sana. Kuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kuna kitabu cha mwanachama kinachogongwa muhuri kwa kila hisa, kuanzia hisa moja hadi tano kwa kikao. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na salio linatajwa kwa sauti ili kila mmoja alibebe kichwani mpaka kikao kijacho. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Asiyemwamini mweka hazina anasikia jumla kwa masikio yake.

Sasa chukua hayo yote uyaweke kwenye simu ya katibu. Skrini ya inchi sita anaiona mtu mmoja, na wengine ishirini wanamtazama yeye akitazama simu. Umeondoa uwazi, na uwazi ndio uliokuwa ukilinda fedha. Kwa hiyo usijaribu michoro yako na katibu peke yake ofisini. Ipeleke kikaoni, watu wamekaa kwenye mabenchi yao, na uulize maswali haya: aliye benchi la nyuma anajua kilichoingizwa? Wale wenye funguo watatu wana kazi gani kwenye mchoro huu? Muhuri umekwenda wapi?

Majibu yatakubadilishia mchoro. Huenda ukahitaji ukurasa wa kusomwa kwa sauti, wenye jumla tatu tu zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa. Huenda ukachora hisa kama mihuri mitano inayojaa, badala ya kisanduku cha kuandika namba. Huenda fedha zisitoke mpaka watu watatu wathibitishe kila mmoja kwa simu yake. Na kabla hujachora lolote kati ya hayo, itazame M-Koba, huduma ya vikundi ambayo Vodacom Tanzania na Benki ya TPB waliianzisha mwaka 2019. Kaa na kikundi kinachoitumia, na kingine kilichoamua kubaki na daftari, uviulize vyote viwili sababu. Kama hujaona pengo ambalo huduma iliyopo haijaliziba, bado huna kazi ya kuchora.

5. Zana za kompyuta: hesabu bando na umeme kwanza

Figma ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa haki: inafanya kazi kwenye kivinjari, ina kiwango cha bure, na wasanifu wawili wanaweza kuhariri mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Lakini inaishi mtandaoni. Faili ambalo hukulifungua ukiwa na mtandao, usitegemee kulifungua ukiwa huna. Kama mtandao unasuasua unaposhuka kutoka Karatu mjini, andaa kila kitu kabla ya safari na uhifadhi skrini kama picha ndani ya simu.

Penpot ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wote, na fundi anaweza kuisimika kwenye kompyuta yake akaitumia bila intaneti. Kuisimika kunataka ujuzi kidogo. Pencil na draw.io zinakaa kwenye kompyuta yenyewe na zinafaa kwa michoro ya mistari. Excalidraw ni nyepesi na huchora kama mkono wa mtu.

Na usiidharau LibreOffice Impress, programu ya slaidi isiyolipiwa. Weka slaidi kwa umbo la simu iliyosimama, chora vitufe, kisha kila kitufe ukifunge na slaidi nyingine. Mtu akibofya "Nunua hisa" inakuja slaidi ya hisa. Kwa kazi ya kikundi kimoja hii inatosha kabisa, na mwalimu wa sekondari aliye jirani ataweza kuirekebisha ukiondoka.

Zana yoyote utakayoshika, toa nakala za PDF na picha kila wiki. InVision, iliyokuwa kipenzi cha wasanifu dunia nzima, ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2024.

6. Usipambe mapema

Mchoro uliopambwa hupokewa kwa adabu: "Ni nzuri, mwanangu, endelea." Mchoro wa kalamu, wenye mistari iliyopinda, humpa mtu ujasiri wa kusema hapa pamekosewa. Waundaji wa Balsamiq, zana ya kuchorea skrini, walilijua hilo tangu 2008, ndiyo maana skrini zake zinaonekana kama zimechorwa kwa mkono makusudi.

7. Maneno yawe ya kikundi

Hisa, mfuko wa jamii, faini, marejesho, riba, mgao. Hayo ndiyo maneno ya kikao, basi yawe ndiyo maneno ya skrini. "Dashibodi" na "wasifu wa mtumiaji" hayana mwenyewe hapo. Andika fedha kama katibu anavyoandika: 2,000/=. Weka maneno halisi kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, kwa kuwa neno likiwa refu kuliko kitufe utataka kulijua leo.

Endabash ni nchi ya Wairaqw, na wazee wengi hujadiliana kwa Kiiraqw kabla ya kukujibu kwa Kiswahili. Waache wajadiliane, usiwakatishe. Kisha mwombe mwanakikundi akueleze walipobishania, kwa maana mabishano hayo yana habari nyingi kuliko jibu la mwisho watakalokupa.

8. Watu watano, kisha rudi mezani

Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua takribani asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na kwamba ni heri kufanya majaribio madogo kadhaa kuliko moja kubwa. Kikundi cha watu ishirini na tano kinakupa mizunguko mitano. Tumia mmoja, rekebisha, tumia mwingine. Changanya: mweka hazina, mwanachama mpya, mzee, asiyesoma, na yule mbishi anayejulikana. Fika kwa shikamoo na kupitia mwenyekiti, na usiitishe majaribio wakati wa palizi.

Uwe tayari kugundua kwamba watu wanataka kitu kingine. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, ililenga marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikokuwa mbele.

9. Majina kwenye mchoro yasiwe ya kweli

Inashawishi kunakili ukurasa wa daftari halisi ili mchoro uvutie. Usifanye hivyo. Deni la mtu ni siri ya kikundi chake, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini. Tunga majina, tunga salio, na picha za vipande vya manila zisionyeshe sura wala vitabu vya watu. Ukimaliza, waachie kikundi nakala ya michoro yote, hata ile waliyoikataa, na uwaambie wazi ni lini utarudi na nini kitakuwa kimebadilika. Wamekupa mchana wao. Rudi siku uliyosema.