Mkono Unaozungusha Mnyororo

Mwaka 2018 kampuni ya LEGO ilitoa seti ya vipande 4,124 vya kujenga rola kosta, yaani treni ya viwanja vya burudani inayopandishwa juu kisha kuteremka kwa kasi. Tuitumie kuielewa Njia ya Kwanza ya Mtakatifu Thomas wa Akwino.

Kupanda. Mjenzi huzungusha mpini, mpini huvuta mnyororo, mnyororo hupandisha treni. Akiacha kuzungusha, treni haipandi tena hata kidogo.

Kushuka. Kileleni treni huachana na mnyororo na kuteremka kwa uzito wake. Sasa mjenzi anaweza kwenda zake: treni inatumia kimo ilichopewa. Kwa sababu ya msuguano, haitafika tena juu kama ilipoanzia.

Wengi huisoma hoja ya Thomas kana kwamba inahusu kushuka: Mungu aliusukuma ulimwengu zamani, kisha ukajiendea. Lakini mfano wake ni fimbo inayosogezwa na mkono. Mkono ukitulia, fimbo nayo hutulia. Basi hoja yake inahusu kupanda. Mnyororo, hata uwe mrefu kiasi gani, haujivuti wenyewe. Mungu si mwanzilishi wa jana tu. Ndiye chanzo cha kila mwendo sasa hivi.

Swali la kutafakari: Je, sala yangu ya asubuhi ni msukumo wa kuniwezesha kuteremka peke yangu hadi jioni, au ninakiri kwamba hata saa hii ninapandishwa?