SOMO LA ROBO HII: Arafa kwa Mpiga Kura Aliye Mbali



Katika miezi ya karibuni kamati kadhaa za parokia zimetuandikia zikiomba sehemu ya fedha za elimu ya uraia itumike kununua arafa za jumla, yaani ujumbe mfupi unaotumwa kwa simu nyingi kwa mara moja, ili kuwafikia wapiga kura ambao mikutano yetu haiwafikii. Hoja yao ina nguvu. Bei ya arafa moja haifiki bei ya andazi, na simu hufika mahali ambapo gari letu haliendi wakati wa mvua. Hata hivyo, kabla ya kuamua, tumeona ni vyema tujifunze pamoja yaliyotokea pale njia hii ilipojaribiwa kwa kiwango kikubwa hapa hapa Kenya.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Mpiga kura alipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Waliosajiliwa walizidi milioni 14, na kumbukumbu za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilikuwa bado mbichi. Katika siku za mwisho kabla ya kura, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), ikishirikiana na watafiti Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri, ilituma arafa zipatazo milioni 11 kwa karibu wapiga kura milioni 2. Baadhi zilihimiza tu watu wajitokeze, nyingine zilieleza nafasi zinazogombewa, na nyingine zilieleza habari za Tume yenyewe. Kwa kuwa waliotumiwa walichaguliwa kwa bahati nasibu, iliwezekana baadaye kuwalinganisha na wasiotumiwa.

Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2021, na yanafaa kusomwa polepole. Arafa ziliongeza idadi ya waliojitokeza, lakini kwa kiasi kidogo. Kisha kuna jambo ambalo waliozituma hawakulitarajia: baada ya uchaguzi, waliopokea arafa walikuwa na imani ndogo zaidi kwa taasisi za uchaguzi kuliko wasiopokea, na hasa wale ambao upande wao ulishindwa.

Kwa nini? Tukumbuke yaliyotokea siku ile. Wananchi walikuwa wameahidiwa uchaguzi wa kisasa. Badala yake, mitambo ya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole ilikwama katika vituo vingi, makarani wakarudia sajili ya karatasi. Mfumo wa kutuma matokeo kwa simu nao ulishindwa, na maafisa wakalazimika kupeleka fomu kwa mkono hadi Bomas, Nairobi. Rais alitangazwa tarehe 9 Machi kwa asilimia 50.07, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatolewa tarehe 30 Machi. Mtu ambaye simu yake ilikuwa imemwita siku baada ya siku, kwa jina la Tume, alikuwa na sababu zaidi ya kuuliza mlikuwa mnaniitia nini. Watafiti wenyewe wanaeleza hivyo: taasisi ikijionyesha kuwa na uwezo mkubwa kisha isiutimize, hupoteza zaidi ya ile iliyonyamaza.

Kuna mfano wenye sura nyingine. Nchini Marekani, katika uchaguzi wa Novemba 2006, arafa za kukumbusha ziliongeza kujitokeza kwa takribani pointi 3 za asilimia miongoni mwa waliotumiwa. Lakini hao walikuwa watu waliojisajili karibuni na kutoa namba zao wenyewe. Tayari walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Arafa iliwakumbusha tu kuingia. Wale tunaowatafuta sisi bado wako njiani, na wengine hata njia hawajaiona.

Hapa ndipo tunapoomba kamati zetu zitulie. Kenya laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na mpiga kura husajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti. Basi asiye na kitambulisho hukosa vyote viwili. Wamakonde wa Kwale waliishi hivyo kwa miaka mingi, hadi serikali ilipowatambua kuwa raia baada ya msafara wao wa kwenda Nairobi mwaka 2016. Hakuna arafa ambayo ingewafikia kwa laini zao wenyewe. Yuko pia mama anayetumia simu ya mumewe, mzee asiyejua kusoma, na mchungaji wa mifugo anayechaji simu siku ya soko tu. Hawa ndio waliotajwa katika maombi ya fedha tuliyopokea.

Liko pia suala la namba zenyewe. Kamati moja ilipendekeza tutumie orodha ya waliopokea chakula cha msaada. Tumekataa, na tutaendelea kukataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilozitolea. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wamesajiliwa katika vyama vya siasa bila kuulizwa. Mtu wa namna hiyo akipata arafa ya uchaguzi kutoka parokiani atauliza jina lake limeuzwa na nani.

Kwa kamati zitakazoendelea, tunashauri arafa iseme tu kile ambacho mtumaji anaweza kukitimiza. "Kuhakiki jina ni Jumamosi, shule ya msingi, saa tatu. Njoo na kitambulisho. Katekista atakuwepo" inatosha, mradi katekista awepo kweli. Msiahidi utulivu wa kituo wala usahihi wa hesabu, kwani hayo hayamo mikononi mwetu. Jambo dogo kwa waweka hazina: arafa moja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi, na ikizidi hulipiwa kama mbili. Jihadharini na ng' ya ng'ombe. Kompyuta ikiipinda alama hiyo, arafa nzima hushuka hadi herufi 70, na gharama hupanda bila mtu kujua sababu.

Katika kikao kijacho, tunaomba kila kamati ichukue kijiji kimoja na kuhesabu nyumba kwa nyumba: ni watu wazima wangapi wana kitambulisho, wangapi wana simu yao wenyewe, na wangapi wanaweza kusoma ujumbe bila msaada. Hesabu hizo zitufikie kabla hatujagawa fedha za maandalizi ya uchaguzi wa Agosti 2027. Kijiji ambacho wengi hawana kitambulisho, fedha zake zitakwenda kwanza kwenye nauli za kufika ofisi ya usajili, na arafa zitasubiri.