Kupunguziwa Adhabu Si Kuhalalishiwa Pombe

Ndugu zetu Waislamu, kumezuka neno katika mabaraza yetu ambalo halifai kuachwa lienee. Mtu hukamatwa na chang'aa, akahukumiwa, akakata rufaa, na Mahakama Kuu ikampunguzia kifungo. Hapo wengine husema, "Serikali imekwisha iachilia pombe," na wengine husema jaji amekula rushwa. La kwanza ni kutojua. La pili ni dhana mbaya, nayo tumekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12.

Yapasa tujue kwanza kuwa katika kesi mna mambo mawili: kutiwa hatiani, na kiasi cha adhabu. Jaji apunguzapo adhabu peke yake, hatia ingali pale pale, na kosa lingali kosa.

Pili, tutazame sababu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 imeweka, kwa mwenye kuuza bila ya leseni, faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Neno "isiyozidi" ndilo la kuangaliwa. Huo ni mpaka wa juu, na hakimu hupima chini yake kwa kadiri ya kosa. Nayo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha eleza mwaka 1954 kuwa jaji wa rufaa haibadili adhabu kwa kuwa yeye angalitoa nyingine. Huibadili hakimu alipofuata kanuni isiyo sawa, au alipoacha kuangalia jambo kubwa, au adhabu ilipozidi kwa dhahiri.

Tuseme mtu ametozwa faini ya shilingi 30,000, na asipolipa afungwe mwaka mmoja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, yasema kuwa faini iliyozidi 15,000 na isiyozidi 50,000, kifungo cha asiyeilipa hakizidi miezi 6, ila sheria nyingine iwe imesema vingine. Jaji akiirudisha hukumu hiyo kwenye miezi 6, ameisawazisha mizani. Hakuionea pombe huruma.

Tatu, sharia yetu nayo ina mipaka. Adhabu ya mnywaji katika madhehebu ya Imamu Shafi ni mapigo 40, na Sayyidna Umar aliyafikisha 80 baada ya kushauriana na Masahaba. Wala haithibiti kwa uvumi, ila kwa kukiri au kwa mashahidi wawili waadilifu. Ama mwenye kuiuza, adhabu yake ni taaziri, ambayo kiasi chake hupimwa na kadhi kwa uadilifu. Basi mbona twaona ajabu jaji kupima?

Lakini hapa pana jambo ambalo hakuna jaji awezaye kulipunguza. Uharamu wa khamri umethibiti katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, wala hauna rufaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaani watu kumi kwa sababu yake, wakiwamo muuzaji, mchukuzi na mla thamani yake. Na ajiulize mwenye nyumba ajuaye linalouzwa chumbani mwake, naye kila mwezi akapokea kodi: ataepukaje hesabu hiyo?

Hata hivyo, alipoletwa mtu aliyeadhibiwa mara nyingi kwa ulevi, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani, Mtume alimkataza, akaeleza kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Twalichukia tendo, na mtendaji twamtakia toba.

Miezi 6 hupita, na aliyefungwa atarudi mtaani. Huenda akawa mjane asiyekuwa na chumo jingine. Akikuta tumemwekea mtaji mdogo kutoka katika zaka zetu, na mlango wa darasa u wazi, huenda asirejee madumuni. Akikuta matusi tu, atarejea, na sisi tutaulizwa.