SOMO LETU: UFITO NA MSHIPI LAZIMA VIPATANE

Sisi wa Mutuka tukishuka Ziwa Babati na ndoana, tunatafuta perege au kambare. Siku moja mwenzetu alitupa mshipi mwembamba wa perege. Akaja kambare. Tap! Mshipi ukakatika. Samaki kaenda, ndoana imekwenda, na jioni watoto wakala ugali kwa mchicha. Tulisema ni bahati mbaya. Sivyo. Vyombo havikupatana.

1. UFITO

Chagua mwanzi uliokomaa, wa miaka 3 hivi. Mwanzi mchanga hunyauka na kupinda. Ulaze kivulini ukauke taratibu. Usiwe na ufa wala matundu ya wadudu. Urefu wa mita 3 unamtosha mtu anayesimama ukingoni.

Sasa shika shina, utikise. Ncha ipinde, shina lisimame. Ncha ikipinda, hupunguza kishindo cha samaki. Ufito mgumu kama mchi haupindi, kwa hiyo kishindo chote huenda kwenye mshipi.

2. MSHIPI

Mshipi wa nailoni huuzwa na karatasi iliyoandikwa unene wake na kilo unazohimili. Isome kabla ya kutoa pesa! Hiyo ndiyo faida ya kisomo. Kwa perege, unene wa milimita 0.25 hadi 0.30 unafaa. Kwa kambare, tafuta 0.50, na ufito mnene zaidi.

Mtu atauliza: kwa nini tusitumie mnene siku zote? Kwa sababu perege huuona, naye ni mwoga.

Mshipi wa zamani upime nyumbani. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tia lita 3 ndani ya dumu, funga mshipi, inua polepole. Mshipi wa kilo 6 ukikatika hapo, umechakaa kwa jua au fundo ni baya. Lowesha fundo kabla ya kulikaza.

3. WENZETU WA MBALI

Samaki aitwaye trauti aliletwa katika mito ya milimani ya Kenya mwaka 1905. Wapo wanaomvua kwa ndoana iliyofungwa manyoya, ifanane na mdudu. Ndoana hiyo ni nyepesi mno, haina chubwi. Uzito wa kuirusha umo ndani ya mshipi wenyewe. Kwa hiyo ufito huandikwa namba, na mshipi vilevile: ufito namba 5, mshipi namba 5. Namba ikipanda, mshipi ni mzito zaidi. Mnaona? Kanuni ni ile ile yetu.

4. TAHADHARI

Jua likianza kuzama, kunja mshipi urudi nyumbani. Viboko wa ziwa letu hutoka majini saa hizo kwenda kula majani. Samaki wa kesho yupo. Mguu ukivunjwa haununuliki.

MASWALI

1. Kwa nini ncha ya ufito ipinde?
2. Dumu lenye lita 4 za maji lina kilo ngapi za maji?
3. Wewe una mshipi gani nyumbani? Upime, kisha mweleze jirani.