Kabla Fundi Hajapiga Formati: Vidokezo vya Linux kwa Wanaoanza wa Jinja na Mbale

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambayo si ya zamani sana, na laptopu nyingi za mitumba hazina vitu hivyo. Ndiyo maana siku hizi Ubuntu na Linux Mint zimeingia kwa watu ambao juzi tu hawakuwa wamezisikia: mwalimu wa Bugembe, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, dada mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Halafu asubuhi moja mashine inagoma, na fundi wa jirani ana dawa moja tu: "Tupige formati, tuanze upya."

Mwambie asubiri. Matatizo mengi ya huku mashariki mwa Uganda hayatoki kwenye Linux yenyewe. Yanatoka kwenye umeme unaokatika, kibetri kilichokufa, MB za kuhesabu, na vifaa vilivyotumika miaka mingi ng'ambo kabla ya kutufikia. Anza kuchunguza huko. Amri nyingi zilizo hapa chini zinaandikwa kwenye terminali, ambayo hufunguka kwa Ctrl+Alt+T.

1. Soma kilichoandikwa kwenye skrini

Wengi wakiona maandishi meupe juu ya weusi huzima mashine papo hapo. Usizime. Piga picha kwa simu kwanza, maana mstari mmoja kati ya ile ndio wenye jibu. Mashine ikiwaka lakini ina kasoro, `journalctl -b -p err` itakuonyesha makosa yote tangu ilipowashwa. Nakili sentensi ya kosa kama ilivyo, iweke ndani ya alama za nukuu, kisha itafute mtandaoni pamoja na jina na toleo la mfumo wako. Kama umechagua Kiswahili kuwa lugha ya mfumo, tanguliza `LC_ALL=C` kabla ya amri ili kosa litoke kwa Kiingereza. Watu waliokwisha kukutana nalo wameandika kwa lugha hiyo, tupende tusipende.

2. Tazama saa kabla ya kulaumu intaneti

Kivinjari kinasema kila tovuti si salama. `apt` inalalamika kwamba orodha ya programu bado haijaanza kutumika. Umenunua bando, simu inafungua kila kitu, ila kompyuta imekataa. Angalia tarehe kwenye kona ya skrini: huenda mashine inaamini tuko 2012. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta iliyopotea kwenye kalenda huviona vyote kuwa batili.

Kwenye bodi kuu kuna kibetri cha duara, mara nyingi aina ya CR2032, kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Kikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma. Kubadilisha kibetri ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo. Kwenye laptopu nyingine kimefungwa kwa waya na plagi, kwa hiyo mpelekee muuzaji kile cha zamani akione. Kwa sasa andika:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Saa isipojirekebisha, ipange mwenyewe, kwa mfano `sudo date -s "2026-02-10 14:30"`.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wana kero yao: kila wakihama mfumo, saa inaruka kwa saa tatu kamili. Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Linux huihifadhi UTC kwenye saa ya bodi, Windows huhifadhi saa ya hapa, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Amri `timedatectl set-local-rtc 1` inaufunga ugomvi huo kwa kuifanya Linux ifuate desturi ya Windows. (Ukiona tofauti ni ya saa sita, mashine haina kosa lolote: wewe unahesabu saa ya Kiswahili.)

3. Umeme umekatika, sasa inaandika (initramfs)

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa Jinja mwaka 1954, na Bujagali likafuata mwaka 2012. Kukaa jirani na mabwawa hakujamwokoa mtu na giza la ghafla. Mbale nako, mvua ikishuka kutoka kilima cha Wanale na radi zake, mwenye busara huchomoa waya wa umeme na wa mtandao pia.

Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika kwenye diski, mfumo wa mafaili hubaki na viraka. Linux nyingi hutumia ext4, ambayo huweka daftari la mabadiliko na kwa kawaida hujitibu inapowaka. Ikishindwa, itasimama kwenye skrini nyeusi yenye neno BusyBox na alama ya `(initramfs)`. Watu hudhani kila kitu kimefutika. Hakijafutika. Soma mistari ya juu yake. Utaona jina la patisheni yenye shida, tuseme `/dev/sda2`, na agizo la kuendesha fsck kwa mkono. Andika:

`fsck -y /dev/sda2`

Ngoja imalize, kisha andika `exit` au `reboot`. Angalizo moja zito: `-y` inajibu ndiyo kwa kila swali. Kama diski inatoa sauti ya kugongagonga na ndani yake kuna tasnifu ya mtu, usiiguse hivyo. Washa mashine kwa flashi ya Linux na unakili kazi zako kwanza.

Mfumo ukishainuka, pima afya ya diski. Weka kifurushi cha smartmontools, kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tafuta mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, anza kuweka akiba ya diski mpya. Na ukumbuke kuwa laptopu yenye betri iliyokufa haina kinga zaidi ya kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

4. Waifai haionekani kabisa

Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama mtandao wa waya bila kuomba draiva. Sasa una pumzi ya kutafuta tatizo.

Andika `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", `rfkill unblock wifi` inatosha. Ukiona "Hard blocked: yes", kuna swichi ubavuni mwa laptopu au kitufe cha kibodi kilichozima redio, na hakuna amri itakayofanya kazi ya kidole chako.

Kama hakuna kilichozuiwa, `lspci -nnk` itakutajia kampuni iliyotengeneza kadi. Ikiwa ni Broadcom, ambayo imo kwenye laptopu nyingi za zamani, fungua programu ya Driver Manager kwenye Mint au Additional Drivers kwenye Ubuntu na uchague draiva inayopendekezwa. Hapa ndipo wengi huteleza: kama Secure Boot imewashwa, utaombwa kutunga nenosiri, na utakapowasha upya itatokea skrini ya buluu. Lazima uchague "Enroll MOK" na uandike nenosiri lile. Ukiipita skrini hiyo kwa haraka, draiva itakuwa imewekwa lakini haitaamka, nawe utarudi kwa fundi ukisema Linux haipendi waifai.

5. Zilinde MB zako

Kwenye Ubuntu, programu za aina ya snap hukagua masasisho hadi mara nne kwa siku, wala hazikuulizi bando limebaki kiasi gani. `sudo snap refresh --hold` inazisimamisha hadi utakapoamua. Kisha kwenye mipangilio ya mtandao, waifai inayotoka kwenye simu yako iweke alama kuwa ni muunganisho wa kulipia kwa kipimo.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya flashi. Mwenye intaneti nzuri Jinja aandike `sudo apt-get update` na baadaye `sudo apt-get -d dist-upgrade`. Herufi `-d` inamaanisha pakua tu, usiweke. Tumia `apt-get`, kwa sababu `apt` peke yake kwa kawaida hufuta vifurushi ikishaviweka. Mafaili yote ya .deb yatakuwa kwenye `/var/cache/apt/archives`. Yanakili kwenye flashi, mpe anayepanda taksi ya Mbale kupitia barabara ya Tirinyi, na rafiki yako huko ayaweke kwenye folda hiyohiyo ya mashine yake yenye toleo lilelile. Naye ataendesha `sudo apt-get update`, itakula MB kiasi, lakini alichokwisha kuletewa hakitapakuliwa tena.

Kuacha masasisho kabisa ili kubana matumizi ni ubahili unaoumiza. Ya usalama yaweke, hata kama ni mara moja kwa mwezi.

6. "Could not get lock"

Maana yake kuna programu nyingine inayoweka au kusasisha vitu kwa wakati huo. Kanywe chai. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umezagaa kila mahali, na ni mbaya: ukilifuta huku kazi inaendelea, unaweza kuharibu hifadhidata ya vifurushi. Kama umeme ulikatika katikati ya kuweka programu, hizi mbili kwa mpangilio huu hutengeneza karibu kila kitu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

7. Kila kitu ni "404 Not Found"

Flashi uliyopewa na rafiki ina toleo lililokwisha muda. Matoleo ya kati ya Ubuntu huhudumiwa miezi tisa tu, halafu huhamishwa kwenye seva za kumbukumbu. Omba toleo la LTS, yaani la Aprili la mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 22.04 au 24.04. Hilo lina miaka mitano ya huduma.

8. Unaandika nenosiri, inakurudisha palepale

Mshukiwa wa kwanza ni diski iliyojaa. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, andika `df -h`. Mstari wa `/` ukisoma 100%, fanya `sudo apt clean`, halafu `sudo apt autoremove`, halafu `sudo journalctl --vacuum-size=100M`. Filamu ulizofuta bado zimo kwenye pipa la taka, nazo zinahesabiwa.

Mshukiwa wa pili ni `sudo` iliyotumika ovyo kufungua programu za dirisha. Faili la `.Xauthority` limekuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Lirudishe: `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`.

Wa tatu ni kibodi. Laptopu iliyotoka Uingereza ina alama ya @ na alama ya nukuu mahali tofauti na ile ya Kimarekani. Kama nenosiri lako lina @, bonyeza vitufe vyote viwili uone. Na kwenye terminali nenosiri halionekani kabisa unapoliandika, hata nukta. Siyo kwamba kibodi imekufa. Andika, bonyeza Enter.

9. Mafaili ya upande wa Windows hayakubali kuhifadhiwa

Windows haikuzimwa, ilisinzia. Kipengele cha Fast Startup huiacha diski ikiwa imeshikiliwa, na Linux kwa tahadhari huifungua kwa kusoma tu. Kizime kwenye Windows, sehemu ya mipangilio ya umeme.

10. Printa

Hapa sitakudanganya. HP LaserJet P1102 na P1005, ambazo zimejaa kwenye maduka ya kuchapa, kwa kawaida hazifanyi kazi mpaka uweke hplip na uendeshe `hp-setup`, ambayo itapakua kiambatisho chake cha ziada. Fanya hivyo ukiwa na intaneti, siku isiyo na wateja. Canon LBP2900 ni kichomi: inatumia lugha ya kampuni yenyewe iitwayo CAPT, na kuifundisha kwenye Linux kutakula mchana wako. Kama ndiyo unayotegemea kwa chakula, acha kompyuta moja yenye Windows kwa ajili yake, usione haya. Nyingine nyingi zinajitambulisha zenyewe; foleni iliyokwama ifungulie kwenye kivinjari kwa anwani ya `localhost:631`.

11. Imeganda, hata kipanya hakisogei

Shika Alt pamoja na PrtSc, kisha bonyeza S, U, B, ukipumua kidogo kati ya herufi. Ya kwanza inaandika kilichobaki kwenye diski, ya pili inaifunga diski isiandikwe, ya tatu inawasha upya. Kwenye laptopu nyingine huongezwa Fn. Kubana kitufe cha umeme iwe njia ya mwisho.

12. Ikibidi kuweka upya

Zipo siku fundi ana haki. Kabla hajaanza, andika `apt-mark showmanual > orodha.txt` upate orodha ya programu zako, kisha nakili folda yako ya nyumbani kwenye diski ya nje. Bonyeza Ctrl+H kwanza ili mafaili yaliyofichwa yaonekane. Barua pepe na nywila za kivinjari hukaa humo. Hakikisha flashi ya kuwekea inawaka, na uijaribu waifai ukiwa ndani yake kabla ya kugusa diski.

Kama `/home` ina patisheni yake, chagua kugawa diski kwa mkono, siyo "Erase disk". Alama ya kuformati ikae kwenye `/` peke yake. Na unapoulizwa jina la mtumiaji, andika lilelile la zamani. Ukiweka jipya, mafaili yatakuwepo lakini utafunguliwa folda tupu.