Dufu na Waliolitunza

Baada ya Maulidi yetu, kijana mmoja wa darasa la tatu aliniuliza: "Ustadhi, kwa nini tujichoshe na dufu, na kaswida zimo kwenye simu?" Swali zuri. Sikumjibu vizuri siku ile, basi leo nalijibu.

Tuanze na asili yake. Bibi Aisha (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba wasichana wawili waliimba nyumbani kwake siku ya Idi, na riwaya nyingine inataja dufu. Sayyidna Abubakar (R.A.) akawakemea. Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani ni sikukuu. Khitilafu ya maulamaa juu ya Maulidi mtaisoma kwenye fiqhi. Hapa tunasoma historia.

Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, alifundisha Lamu hadi alipofariki mwaka 1935. Aliwasomesha hata watu wa asili ya utumwa, ambao wengi waliwadharau. Akasomesha Maulidi ya Habshi kwa matari. Wapo waliompinga, lakini hadi leo watu husafiri kwenda Lamu kila Mfunguo Sita.

Maulidi hayo aliyatunga Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Mwanawe, Habib Alwi, alihamia Java, Indonesia, katika mji wa Solo, na huko nako yanasomwa kwa matari. Kitabu ni kimoja, lakini Mlamu na Mjava kila mmoja ana mahadhi yake. Maneno yamo kitabuni, mahadhi hayamo. Yanakaa kwa watu.

Tazameni Maulidi ya Homu ya Unguja, kwa mfano yale ya kikundi cha Mtendeni. Vijana hupiga magoti kwa safu, wakainama na kuinuka pamoja kama wimbi. Ukisikiliza redioni utapata sauti tu. Hutajua nani anaanza kuinama, wala wa pembeni anamfuata nani.

Kwetu bara, elimu nyingi ilipanda kutoka pwani. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa, akawa shekhe mkubwa wa Kadiria.

Mimi dufu nilifundishwa na mzee mmoja wa mlimani Uluguru. Alikuwa akiwamba ngozi ya mbuzi mwenyewe. Kule juu ukungu hulegeza ngozi, kwa hiyo kabla ya kusoma madufu yote yalipashwa moto jikoni, na sisi watoto ndio tuliokaa na moshi. (Macho yaliwasha, lakini hatukukubali kutoka.) Mzee alikuwa na mahadhi saba. Nilijua nitarudi kujifunza yaliyobaki, nikachelewa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nimeshika matatu. Sijampata mwingine anayeyajua yale manne, na simu ya yule kijana haina hata moja.

KAZI YA LIKIZO
Mtafute babu, bibi au mjomba anayejua kaswida ya zamani. Muulize alifundishwa na nani, wapi. Andika maneno yake daftarini. Kisha mwombe aiimbe, nawe umwitikie mpaka aseme umeshika. Ukiweza kumrekodi, mwombe ruhusa kwanza. Shule ikifunguliwa, kila mmoja ataimba yake mbele ya darasa, bila simu. Nami nitaanza na yangu matatu.