Kuzima Umeme wa Tundu la USB kwa Programu: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kununua Habu

Habu ya USB ni kifaa kinachopanua tundu moja la kompyuta kuwa manne, saba au zaidi. Kazi yake haiishii katika kupitisha data; kila tundu hutoa pia umeme wa volti 5, hadi miliampea 500 kwa kiwango cha USB 2.0 na 900 kwa USB 3.0. Baadhi ya habu huuzwa kwa bei ya juu kwa maelezo kwamba umeme wa kila tundu unaweza kuzimwa na kuwashwa kwa programu. Fundi anayehudumia kompyuta iliyofungwa mkoa mwingine, ambayo modemu yake hukwama mara kwa mara, ana sababu njema ya kulipia uwezo huo: huzima tundu akiwa mbali, husubiri sekunde chache, kisha huliwasha, na modemu ikaanza upya bila mtu kuchomoa kebo. Katika somo hili tunaeleza namna ya kujua iwapo uwezo huo upo kweli.

Kwa mujibu wa viwango vya USB, habu hujieleza kwa kompyuta mara inapounganishwa. Miongoni mwa maelezo hayo ni namna inavyodhibiti umeme: ama matundu yote huzimwa kwa pamoja, ama kila tundu huzimwa peke yake. Programu huamini tamko hilo. Tatizo ni kwamba tamko hutolewa na chipu, ilhali umeme hukatwa na swichi ndogo ya kielektroniki ambayo mtengenezaji anapaswa kuiweka kwenye njia ya umeme ya kila tundu. Swichi hizo huongeza gharama. Watengenezaji wengi huziacha, wala hawabadilishi tamko la chipu. Matokeo yake ni habu inayopokea amri, ikakata data na kutoa taarifa kwamba tundu limezimwa, huku volti 5 zikiendelea kutoka. Modemu iliyokwama haianzi upya, kwa kuwa haikukosa umeme hata kidogo.

Tusichanganye jambo hili na kile chaguo cha mfumo wa Windows kinachoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Chaguo hilo hukilaza kifaa tu. Umeme hubaki kwenye tundu.

Kwa watumiaji wa Linux na macOS ipo programu huria iitwayo uhubctl, isiyo na malipo. Ikiendeshwa peke yake huorodhesha habu zinazodai kuwa na uwezo huu. Amri kama «uhubctl -l 1-1 -p 2 -a off» huzima tundu la pili la habu iliyoko mahali 1-1. Habu ya USB 3.0 huonekana kwa kompyuta kama habu mbili, moja ya USB 2.0 na nyingine ya USB 3.0, na umeme hukatika pale tu pande zote mbili zinapozimwa. Waandaaji wa programu hiyo huweka pia orodha ya habu zilizothibitishwa kufanya kazi, na tunashauri isomwe kabla ya kwenda dukani.

Hata hivyo, jaribio ndilo ushahidi. Chomeka taa au feni ndogo ya USB isiyo na betri, kisha toa amri ya kuzima. Ikiendelea kuwaka au kuzunguka, swichi haipo. Usitumie kipanya kwa jaribio hili: taa yake huweza kuzimika kwa sababu kimelala, na muuzaji akakuonyesha giza hilo kana kwamba ni uthibitisho. Diski ya nje nayo isijaribiwe kabla ya kuondolewa kwa utaratibu kwenye mfumo, kwani kukata umeme wakati data inaandikwa huharibu mafaili.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, na maelezo ya kwenye boksi ni sehemu ya mwenendo huo. Omba jaribio lifanyike dukani. Isipowezekana, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti maneno haya, si «habu ya USB» pekee: «kila tundu hukatwa umeme kwa programu». Hifadhi risiti pamoja na boksi.